Kufufua Gari la Spoti la Kiingereza: Kinachobaki na Kinachobadilika

Wapenzi wa magari ya zamani ya spoti kutoka Uingereza wamegawanyika pande mbili, na kila ninapoegesha MGB yangu ya 1966, gari la spoti la kampuni ya MG, mbele yao, haichukui muda kabla sijaulizwa niko upande gani. Wapo wanaotaka gari liwe vilevile lilivyotoka kwenye kiwanda cha MG huko Abingdon, Uingereza, mpaka kibano cha mpira wa maji. Wapo wanaotaka injini kubwa zaidi, giaboksi ya gia tano, breki za kisasa na viti vinavyoshika mwili kwenye kona. Wote nawaheshimu, maana wote hutoa usingizi wao kwa ajili ya mashine ambayo hakuna aliyewalazimisha kuipenda. Ila mimi nashika hili: kilichofungwa kwa bolti kinaweza kubadilishwa, kwa sababu kinaweza kurudishwa. Kilichochomelewa hakiguswi mpaka kiwe kimeliwa na kutu, na hapo kinarudishwa kama kilivyokuwa.

Sikufika hapo kwa kutafuta suluhu kati ya makundi. Nilifika hapo kwa kuangalia namna magari haya yalivyozaliwa.

Ukoo wa kuazima

Cecil Kimber aliingia Morris Garages ya Oxford mwaka 1921 akiwa meneja wa mauzo, na mwaka uliofuata akawa meneja mkuu. Kilichompa jina ni kuchukua magari ya kawaida ya Morris, yale ya mtu wa kwenda kazini na kurudi, kuyavalisha bodi nyepesi za kuvutia, kuyarekebisha yashike barabara vizuri, kisha kuyauza kwa bei ya juu. Huo ndio mwanzo wa MG. Austin-Healey 100, iliyoonyeshwa kwenye ukumbi wa maonyesho wa Earls Court jijini London mwaka 1952, Donald Healey aliijenga kwa injini na vifaa vya Austin A90 Atlantic, gari ambalo halikupata wanunuzi Marekani kama Austin walivyotarajia. Leonard Lord, bosi wa Austin, aliliona gari la Healey na wakakubaliana litengenezwe na kampuni yake.

Triumph TR2 ya 1953 ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Injini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya Standard Vanguard na ile ya trekta la Ferguson. Ndiyo, trekta la kulimia. Silinda zake ni mirija ya chuma inayochomolewa kwenye bloku na kuwekwa mipya, jambo ambalo kila anayeifungua leo hulishukuru. Spitfire ya 1962 ilitokana na Triumph Herald, gari dogo la familia. Hata Lotus Elan ya mwaka huohuo, ambayo wengi huitaja kwa sauti ya chini kama vile ni kitu kitakatifu, ina chesi (fremu ya chini) ya uti wa mgongo na bodi ya faiba, fikra za mwanzilishi wake Colin Chapman, lakini bloku ya injini yake ni ya Ford.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kufunga kifaa cha gari jingine ni kulinajisi gari la spoti la Kiingereza, humuuliza Kimber alikuwa anafanya nini. Magari haya ni kazi ya watu waliochukua vilivyokuwepo ghalani na kuvipanga upya mpaka vikaleta furaha. Kuendelea kuvipanga ni kuendeleza kazi yao.

Chuma chenyewe

Kwenye bodi, hata hivyo, simfuati anayekata.

MGA, iliyotangulia MGB, ilikuwa na chesi yake peke yake, na bodi ikaketishwa juu. MGB iliyotoka mwaka 1962 haina chesi hiyo. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye gari lisilo na paa, nguvu ambayo ingepita juu inalazimika kupita chini: kwenye sakafu, kwenye mfereji wa giaboksi katikati, na hasa kwenye vizingiti, yaani ile mihimili inayopita chini ya milango. Mtu akikanyaga hapo akiingia garini, anakanyaga uti wa mgongo wa gari.

Kizingiti cha MGB kina tabaka tatu za bati. Lipo la nje linaloonekana, lipo la katikati lililosimama wima, na lipo la ndani upande wa sakafu, na chini yake hupita reli nyembamba inayounganisha yote. Matope yanayorushwa na tairi la mbele hujikusanya nyuma ya ukingo wa tairi, yakakaa pale yakiwa na unyevu, na polepole maji yakaingia ndani ya kizingiti. Kutu huanzia ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Siku unayoona kipele cha rangi kwenye bati la nje, bati la katikati linaweza kuwa limeshageuka unga.

Ndiyo maana nikiombwa kwenda kumtazamia mtu gari analotaka kununua, rangi naiacha mwisho. Kwanza natazama mwanya kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, gari limelegea katikati, na hakuna kupiga msasa kutakakoliondolea ugonjwa huo. Halafu napiga jeki mahali pake pa jeki, taratibu, na kufungua mlango na kuufunga. Mlango ukigoma kufunga gari likiwa limeinuliwa, tayari najua kazi inayomsubiri.

Gari langu lenyewe lilikuwa na bamba jipya lililochomelewa juu ya kizingiti kilichooza, kisha puti, kisha rangi nzuri sana. Aliyefanya hivyo simjui. Ninachojua ni kwamba bamba la namna hiyo huficha tu. Halibebi mzigo, kwa sababu chuma kilicho chini yake hakina pa kushikilia, na unyevu uliofungiwa katikati huendelea na kazi yake.

Kutibu kizingiti ni kazi ya subira kuliko kazi zote nilizofanya kwenye gari hili. Kabla ya kukata chochote, unachomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, la sivyo bodi itajikunja katikati pindi bati linapotoka. Upande mmoja kwanza, ukimaliza ndipo uende wa pili. Gari linakaa juu ya vyuma vilivyowekwa karibu na magurudumu, ili uzito uegemee pale unapoegemea barabarani. Sehemu ya chini ya bawa la mbele na ya bawa la nyuma, yaani mabati yanayofunika magurudumu, hukatwa pia, kwa sababu kizingiti halisi kinapita nyuma yao, na anayekwepa hatua hiyo anaacha ncha zilizooza zikiwa zimefichika. Kisha kila mara, kabla ya kuchomelea kabisa, unarudisha mlango mahali pake na kuangalia mwanya. Unachomelea vipande vifupi, unahamia mbali, unasubiri chuma kipoe, unarudi. Ukichomelea mstari mmoja mrefu kwa pupa, joto hupinda bati na mwanya wote ulioutafuta unapotea. Mwishoni, baada ya rangi, nta ya kuzuia kutu hupulizwa ndani ya tabaka zote, na matundu ya kutolea maji huachwa wazi.

Bahati ya mwenye MGB ni kwamba mabati yapo. Kuanzia mwaka 1988, British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi nzima mpya za MGB kwa kutumia mitambo ya awali ya kukandamizia mabati. Ipo hoja ndefu kama gari lililovalishwa bodi mpya kabisa bado ni lilelile. Kwangu, bodi nzima ni tiba ya mwisho, pale ambapo hakuna tena kitu cha kuchomelea bati jipya. Lakini bati moja moja lililotoka kwenye mtambo uleule uliotengeneza la kwanza nalipokea bila swali.

Niseme neno kuhusu spana, maana ndizo zinazowakatisha tamaa wanaoanza. Magari ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya 1950 hutumia bolti zenye nyuzi (mikato ya kukazia) za Whitworth, mfumo wa Joseph Whitworth wa mwaka 1841, na spana zake huandikwa kipenyo cha bolti badala ya upana wa kichwa. Yaliyofuata yalihamia nyuzi za pamoja na Wamarekani. Ajabu kuliko zote ni injini ya MG TC, iliyouzwa kati ya 1945 na 1949: nyuzi zake ni za milimita, lakini vichwa vya bolti ni vya Whitworth. Kiwanda cha injini cha Morris huko Coventry kilikuwa zamani cha kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss, na Morris walipokichukua walirithi mashine zilizokata nyuzi za milimita. Mwenye MG TC akilazimisha bolti ya inchi kwenye tundu la injini hiyo, anaharibu nyuzi zilizodumu tangu vita vilipoisha.

Vinavyofunguka

Injini ya MGB, ya sentimita za ujazo 1,798, ni ya chuma cha kusubu, nzito na yenye uvumilivu mkubwa. Yapo mabadiliko yanayotokana na nyakati, na mwenye gari hana la kuchagua. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa kwa magari ya kawaida Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu za eksozi visichimbike. Silinda hedi ikifunguliwa leo, fundi huweka viti vigumu vya chuma kingine na suala linaisha. Mwaka 2021 petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli ikawa ya kawaida nchini humo, na ethanoli hulainisha mipira ya zamani ya mafuta mpaka inavuja juu ya eksozi ya moto. Hapa hakuna mjadala wa asili na usasa. Mipira yote ibadilishwe kwa ile iliyotengenezwa kuvumilia ethanoli, hata kama gari ni la kusimama kwenye maonyesho.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni habari nyingine. Wengi wakitaka nguvu huanza kwa kung'oa kabureta mbili za SU za kiwandani na kufunga kubwa za Weber. Mimi nazitetea SU, na sitachoka. Kampuni yake ilitokana na familia ya Skinner, na wazo lake ni zuri mno. Ndani ya kengele ya alumini mna pistoni inayopanda yenyewe kadiri injini inavyovuta hewa. Chini ya pistoni pananing'inia sindano iliyochongwa kwa mteremko, imezama kwenye tundu la petroli. Pistoni ikipanda, njia ya hewa inapanuka na sindano inatoka tunduni, petroli inaongezeka kwa kipimo chake. Juu kuna kisima kidogo cha oili kinachochelewesha pistoni pale unapokanyaga ghafla, ili mchanganyiko uwe mzito kwa muda mfupi na injini isikohoe. Sehemu zinazocheza ni chache mno, na zote unaweza kuzisafisha mezani kwa kitambaa.

Kuzipatanisha mbili zivute sawa ni raha ya pekee. Unashika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo, unahamia ya pili, unarekebisha mpaka sauti zifanane. Kisha unainua pistoni kidogo sana kwa kijiti chake cha chini. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikifa, imepungua. Ikipanda kwa kitambo kisha ikarudi mahali pake, umepata. Hakuna kifaa cha umeme kitakachokufundisha tabia ya injini yako namna hiyo, na kwa injini ya barabarani, SU zilizofanyiwa ukarabati mzuri wa mihimili ya kipepeo (kibamba kinachofungua njia ya hewa) hazikosi chochote. Weber ni kwa anayekimbia kwenye mashindano.

Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, umetukanwa vya kutosha. Nimefuata hitilafu nyingi za taa na vipimo kwenye magari haya, na karibu zote zimenipeleka palepale: ethi iliyoshika kutu, kiunganishi kilichogeuka kijani, au waya ulioongezwa na mtu miaka mingi baadaye bila fyuzi. Gari langu, kama MGB zote za kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1967, betri yake imeunganishwa na bodi upande wa chanya, na linatumia dainamo. Wengi hugeuza kuwa hasi na kufunga alterneta, na nawaelewa, maana taa huwaka vizuri injini ikiwa chini na mtu anaweza kuchaji simu. Ni mabadiliko ya bolti, yanarudishika jioni moja. Platini, yaani vigusio vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, nazo nimezitoa, nikafunga kifaa cha elektroniki kinachokaa ndani ya distribyuta bila kuonekana. Platini zenyewe zipo kwenye boksi lenye lebo, pamoja na kila kitu nilichowahi kukitoa. Boksi hilo ni sehemu ya gari. Siku likipata mwenyewe mwingine, litaondoka nalo, na yeye ataamua.

Swali gumu ni la V8, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Injini ya Rover ya lita 3.5, iliyotokana na Buick ya alumini ya Marekani, inakaribiana kwa uzito na ile ya chuma ya MGB ingawa ni kubwa karibu mara mbili kwa ujazo. Fundi Ken Costello alianza kuzifunga kwenye MGB kabla ya kiwanda, na kiwanda chenyewe kikafuata kwa MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, kikatengeneza 2,591 tu. Linganisha na MGC ya 1967, iliyopewa injini ya silinda sita ya chuma, nzito mbele, na waandishi wa siku zile wakalilaumu kwa kukataa kona. Aliyechagua V8 ya alumini alielewa kwamba gari la spoti hupimwa kwenye kona kwanza. Je, mtu aifunge leo? Bodi za kuanzia mwishoni mwa 1974, zile za bampa nyeusi, zilishapewa nafasi ya V8 pembeni mwa injini. Humo inaingia, na mtu asisite. Bodi za zamani zaidi zinadai kukatwa na kugongwa kwenye mabawa ya ndani. Hapo nasema hapana, hata kama fundi ni hodari.

Kwa sababu hiyohiyo, nawaza tofauti na wengi kuhusu kugeuza magari haya yawe ya umeme. Jaguar walionyesha mwaka 2017 kwamba E-Type inaweza kufungwa mota na betri mahali pa injini bila kukata bodi, na injini ikarudishwa siku ikitakiwa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lilisema kwamba gari lililogeuzwa hivyo halihesabiki tena kuwa la kihistoria. Mimi nisingefanya, maana sauti na harufu ya injini ndivyo vilivyonileta huku. Ila nikipewa kuchagua kati ya anayefunga mota kwa bolti na anayekata bawa la ndani afunge V8, wa kwanza amelitunza gari zaidi.

Na sasa lipo jambo lililo mezani kwangu. MGB yangu haina ovadraivu, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwa kasi ileile. Kwa gia ya nne, kwenye kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 3,500 kwa dakika, na katika safari ndefu kelele hiyo huchosha watu na chuma pia. Njia rahisi inayopendekezwa ni giaboksi ya MGB za baadaye, iliyo na sinkromeshi (kinacholinganisha kasi za gia ili ziingie bila kukwaruzana) kwenye gia zote nne. Tatizo ni kwamba ilikuja na mfereji mpana zaidi wa katikati, na ili iingie kwenye bodi ya 1966 inabidi mfereji ukatwe. Giaboksi za gia tano kutoka magari ya Ford nazo zina seti zake za kufungia, na ni nzuri kwa anayezitaka.

Nimeamua kutafuta giaboksi ya zamani yenye ovadraivu ya kampuni ya Laycock, ya aina ya D, ile iliyokuwa ikiuzwa kwa hiari kwenye MGB za miaka ile. Gia ya kwanza itabaki bila sinkromeshi, na nitaendelea kusimama kabisa kabla ya kuiingiza. Lakini ovadraivu itafanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne kwa kubonyeza swichi ya dashibodi, mizunguko itashuka chini ya 2,800 kwa kasi ileile, na hakuna bati litakaloguswa. Ni adimu, na ikipatikana itadai kufunguliwa yote, beringi zibadilishwe, solenoidi ipimwe na vichujio visafishwe. Injini itatoka pamoja na giaboksi, kwa hiyo klachi na sili ya nyuma ya krenkishafti nitaziangalia papo hapo. Giaboksi ya sasa itapakwa oili, itafungwa vizuri na kuwekewa lebo.